Vitenge vya Mama Ukutani

Mara ya kwanza mama alilala kwenye chumba changu usiku mmoja tu. Asubuhi nilipokuja kumchukua nikamkuta amekaa nje kwenye ngazi ya mlango, ameshavaa, begi liko pembeni, mguu mbaya ameunyoosha mbele. Mimi nilikuwa nimelala dukani, kwenye steshenari ninakofanya kazi ya kutoa kopi, kwa sababu kijana mkubwa halali chumba kimoja na mama yake, hata kama chumba ni chake.

"Mama, mbona nje na baridi hii?"

"Nakusubiri unipeleke stendi."

"Stendi kufanya nini? Si leo unasafishwa kidonda?"

"Nitasafishwa nyumbani, Majimoto."

"Daktari kasema kila siku, hapa hapa Mpanda, akione mwenyewe."

"Nimemsikia. Nipe mkono niinuke, baba."

Mama ananiita baba akitaka kunibembeleza, na ananiita baba akitaka kumaliza mazungumzo. Asubuhi ile alikuwa anamaliza mazungumzo. Akaondoka na basi la Majimoto, mimi nikarudi kazini na hasira mpaka nikaharibu karatasi za mteja.

Hasira yangu ilikuwa na sababu. Mama ana sukari. Wakati wa kuvuna mpunga alichomwa na bua, hakusikia, maana watu wa sukari miguu yao inakufa ganzi, na alipokuja kushtuka kidonda kilikuwa kimeshakula pembeni ya kidole kidogo. Akaweka majani. Akaweka asali. Harufu ilipoanza ndipo wakamleta Mpanda. Daktari alikuwa kijana, labda amenizidi miaka michache tu, na hakuzungusha maneno. Aliweka kidole kwenye kifundo cha mguu wa mama akasema, "Huu weusi ukifika hapa, tutakata hapa," akagusa chini ya goti. Halafu akaniangalia mimi. "Akae karibu. Kidonda hiki kinataka kusafishwa kila siku."

Ndugu mwingine mjini hatuna. Mwenye chumba Mpanda ni mimi peke yangu. Sasa mtu anakimbiaje chumba cha mwanae ili akakatwe mguu? Mimi nilidhani ni ukaidi. Mama ni mkaidi kweli, hilo hata kanisani kwao wanalijua.

Mama mdogo ndiye aliyenipigia simu baada ya siku kadhaa. Nikaanza kulalamika, akanikatisha.

"We mtoto, chumba chako kina rangi gani?"

"Rangi gani? Ya kawaida. Kijani chini, nyeupe juu."

"Kijani cha mafuta kile kinachong'aa?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ukuta wa wadi aliyofia baba yako. Dada anasema akifumba macho kwenye hicho chumba chako ananusa dawa. Usiku kucha alikuwa anasikia kitanda cha pili kinakoroma, na hakuna kitanda cha pili."

Baba alipolazwa mimi nilikuwa shule ya bweni, kidato cha pili, na nyie mnajua watu wetu walivyo, mwanafunzi haambiwi. Niliambiwa njoo nyumbani, baba anaumwa kidogo, nikafika nikakuta turubai. Ile wadi sikuwahi kuiona. Mama ndiye aliyekaa nayo wiki kwa wiki, kwenye kiti, ameutazama ukuta. Na mimi nilipotafuta chumba niliangalia umeme upo, choo kiko karibu, basi. Ukuta wa kijani ulikuwa ukuta tu. Hata darasani kwetu ulikuwa hivyo hivyo.

"Mguu ukoje?" nikauliza.

"Mguu haujakaa vizuri. Umpokee stendi Jumamosi. Amekubali kujaribu tena mara moja. Akikataa tena, mwanangu, mimi simwezi."

Jioni ile ile nikaenda kwa mwenye nyumba. Ni mzee fundi rangi, mstaafu, anakaa nyumba ya mbele, na anapenda kukaa nje akiwaangalia wapangaji wake wanavyoingia na kutoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeme umekwisha?"

"Hapana. Naomba ruhusa nipake rangi chumbani. Kwa hela yangu mwenyewe. Nikihama nairudisha kama ilivyokuwa."

"Hapana."

"Mzee, hujanisikiliza sababu."

"Sababu zote nimeshazisikia. Kuna mmoja alipaka chumba chote rangi za timu yake, mpaka mlango. Timu ikafungwa, akahama bila kuaga. Niliikwangua mimi na mgongo huu. Hii unayoiona ni rangi ya mafuta, mtoto akichora unafuta na kitambaa. Ukitaka rangi yako, jenga nyumba yako."

"Basi hata msumari..."

"Msumari ndiyo kabisa. Hayo matofali ni ya kuchoma ila hayakuiva, ukigonga yanamong'onyoka kama ugali baridi."

Sikumwambia habari za mama. Nilikuwa nimeshakasirika, na nikikasirika huwa naondoka.

Kesho yake nikanunua rola la stika za ukutani, zile zenye picha ya matofali meupe, unabandua karatasi ya nyuma unabandika. Muuzaji akaniapia zinatoka bila kuacha alama. Nikajaribu kipande nyuma ya mlango, nikakiacha usiku, asubuhi nikakibandua. Kilitoka na rangi ya mzee, kipande kama kiganja cha mkono, hadi plasta ikaonekana. Nikasimama pale nimeshika ile stika, upande mmoja matofali meupe, upande wa pili kijani cha wadi. Rola lote nikalirudisha kwenye mfuko. Gundi ikawa imefutwa kwenye mipango, ya dukani na ya uji wa muhogo, maana uji wa muhogo Mpanda ni kuwaita mchwa waje kula.

Nikajaribu maboksi. Dukani kwetu karatasi zinakuja na maboksi magumu, nikayafungua nikayasimamisha yakaegemea ukuta, nikafikiri nitayavisha kitambaa. Yalisimama vizuri mpaka nikafungua mlango, upepo ukaingia, yakaanguka moja baada ya jingine. Nikaanza kuyapiga mateke.

Sasa niwaeleze nyumba yenyewe. Ni vyumba vya mstari, milango yote inatazama uani. Silingi bodi hakuna, na ukuta wa kati ya chumba na chumba haufiki kwenye bati, unaishia kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Kwa hiyo jirani akipiga chafya unamwambia afya. Jirani yangu ni dada mmoja mpambaji wa kumbi, anapamba harusi, sendofu, kipaimara, kila kitu. Kwao ni wafugaji, walihamia upande wa Kakese na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Sauti yake ikaja juu ya ukuta.

"Kaka, unapigana na nani humo?"

"Na maboksi."

"Nani anashinda?"

"Dada, niache."

"Juzi unabandika stika, jana unabandua, leo maboksi. Mwanaume anapamba chumba kama anaolewa yeye! Mchumba anakuja lini tumuone?"

"Anayekuja ni mama. Ana mguu unataka kukatwa."

Kicheko kikakatika. Baada ya muda mfupi akawa mlangoni kwangu, mikono kiunoni, anaangalia juu badala ya kuangalia ukuta. Nikamweleza yote, wadi, baba, msumari, mzee.

"Mbona unahangaika na ukuta," akasema. "Kwani sisi ukumbini tunapiga misumari? Tukipiga si tunafukuzwa? Uache ukuta, shika kenchi." Akapanda juu ya ndoo, akarusha kamba ya manila juu ya mbao, akaivuta, akaning'inia nayo kidogo kuonyesha inavyoshika. "Unashusha kamba mbili, moja huku moja kule. Katikati unapitisha ya kulala. Unaning'iniza kitambaa, unashika na vibanio vya nguo. Mzee akitaka chumba chake, unafungua mafundo, umemaliza."

"Vitambaa unavyo?"

"Ninavyo, ila vya rangi viko harusini Inyonga. Dhahabu, pinki, bluu, vyote vimeenda. Msimu wa kuoa huu, watu wameuza tumbaku. Vilivyobaki ni vyeupe na zambarau."

"Lete hivyo hivyo."

"Kaka, hivyo huwa ni vya..."

"Dada, kesho ni Jumamosi. Lete."

Akaniangalia, akaenda kuvileta.

Tulifanya kazi mpaka giza lilipoingia. Satini nyeupe ikashuka kutoka kwenye kenchi mpaka sakafuni, kuta zote, ikafunika kijani chote na nyeupe yote, na zambarau ikapita juu yake kwa mikunjo, kama anavyofanya ukumbini, na kwenye kila kona akafunga ua la kitambaa. Yeye aliongea kidogo kuliko kawaida yake. Mimi nikaongeza ya kwangu. Meza na viti nikavitoa nje nikaviweka kwa dada, kwa sababu mama na mguu ule anakaa vizuri zaidi chini, nikatandika mikeka chumba kizima, kitanda tu kikabaki. Halafu nikafikiri, chumba hakina kitu cha nyumbani. Nikaprinti dukani picha ya baba, ile aliyopiga amevaa koti, nikaiweka kwenye fremu, nikaisimamisha juu ya stuli na maua ya plastiki pembeni. Nikarudi mlangoni kuangalia. Nikaona kazi nzuri sana. Naapa niliona kazi nzuri.

Mama alifika Jumamosi mchana. Mguu ulikuwa umevimba mpaka ndala haingii, amefunga mfuko wa rambo juu ya bandeji. Nilimshika mkono uani, nikafungua mlango, nikasogea pembeni apite.

Hakupita. Alisimama kwenye ngazi, akaangalia vitambaa, akaangalia mikeka, akaangalia picha. Akavuta khanga yake juu ya kichwa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, ile wanayotumia wanawake wakiingia pahali:

"Poleni jamani."

Hakuna aliyejibu. Tulikuwa wawili tu.

"Nani?" akaniuliza. "Nani amekufa, mbona hamkuniambia?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni chumba. Nimekupambia."

Akaangalia tena, taratibu, kutoka kona mpaka kona. Na mimi ndipo nikaona alichokuwa anakiona yeye. Nyeupe na zambarau. Mikeka bila kiti hata kimoja. Picha ya marehemu na maua. Nimeshaingia kwenye chumba kama kile mara nyingi sana maishani, nimekaa nimekunja miguu, nimekunywa chai ya rangi, na jana yake nimekijenga kwa mikono yangu na sikukitambua.

"Kwa hiyo mmeanza bila mimi," mama akasema. "Mimi nimekuja kutibiwa mguu, nyie mmeshaniandalia matanga."

"Mama, sikujua."

"Hukujua nini? Umezaliwa wapi wewe?"

Dada mpambaji akatokea nyuma yetu, akapiga goti. "Shikamoo mama. Kosa ni langu. Vya harusi vilikuwa vimetoka."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yako nzuri. Siku yangu ikifika nitakutuma mtu aje akuite. Ila siyo leo." Akanigeukia. "Shusha."

Nikaanza kushusha. Sikufungua mafundo, nilivuta tu, vibanio vikaruka huku na huku, dada akawa ananiambia taratibu kaka, utachana satini, na mimi siwezi taratibu. Nyeupe ikaanguka, na nyuma yake kijani kikatoka kinang'aa, kimelowa jua la mlangoni. Nilisikia mama anavuta pumzi.

"Niitie boda," akasema. "Basi la mwisho halijaondoka."

Hapo nilichosema sikukipanga, wala sijui kama mtu anatakiwa kumwambia hivyo mama yake. Nilikuwa nimesimama na satini mikononi, nimechoka.

"Nenda, mama. Nitakuitia boda. Ukienda weusi utapanda, wakishakata hutalala Majimoto. Watakulaza hapa, wiki kwa wiki. Na kule wadini ukuta ni huu huu, na kamba hakuna, na mimi nitakuwa kwenye kiti ulichokalia wewe. Nitakuwa nautazama. Hicho ndicho unachotaka?"

Dada alishika mdomo. Uani mtu alikuwa anatwanga, kinu kikaendelea kulia.

Mama aliweka mkono kwenye fremu ya mlango, akavuta mguu, akaingia. Akaenda mpaka kwenye stuli, akaichukua picha ya baba, akaifuta kwa khanga ingawa haikuwa na vumbi, akaiweka ndani ya begi lake chini kabisa. Akakaa kitandani.

"Hiki kitanda kigeuze," akasema. "Kichwa kiwe kule. Nikiamka nione mlango, siyo ukuta."

Tukakigeuza.

"Sasa fungua hilo begi. Toa vitenge."

Mama alikuja na vitenge vingi, kwa sababu alikuwa hajui atakaa muda gani, na mwanamke wa rika lake haendi hospitali na nguo ile ile. Nikavitoa. Kulikuwa na sare ya harusi ya dada yangu, ya machungwa yenye feni kubwa. Sare ya akina mama wa kanisani kwao, bluu. Kimoja cha njano chenye ndege, kimechuja. Kimoja cha kahawia na mistari baba alimnunulia Inyonga mwaka aliofanya kazi ya tumbaku, na kingine kipya hakijafuliwa bado, kina ule ugumu wa dukani.

"Kijani kinaishia wapi?" akaniuliza. Alikuwa hauangalii ukuta, alikuwa ananiangalia mimi.

"Kifuani kwangu."

"Basi weka kamba hapo hapo kifuani. Huku juu pabaki peupe, mtu apumue. Siyo kufunika nyumba nzima kama maiti."

Dada akacheka, akajizuia, mama naye akacheka kidogo kwa puani. Tukashusha kamba kutoka kwenye kenchi, tukapitisha ya kulala usawa wa kifua changu, tukaning'iniza vitenge kimoja kimoja, vikashuka mpaka chini. Mama alikuwa anapanga kwa kidole. Hicho weka karibu na dirisha. Hapana, cha ndege kisogee. Viti nikavirudisha. Mkeka mmoja nikauacha chini, mwingine dada akausimamisha pembeni ya mlango ukafunika pale nilipobandua rangi.

Alilala. Mimi nililala dukani, na kulipokucha nikaja mbio kuangalia kama yuko kwenye ngazi. Hakuwepo. Alikuwa ndani, anatafuta cha kuvaa, na nguo zake zote zilikuwa ukutani.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kwa namna ambayo mimi sikuifikiria. Kila asubuhi mama alitoa vibanio, akashusha kitenge kimoja, akajifunga, tukaenda hospitali. Na kila asubuhi pale kilipotoka kipande cha ukuta kilikuwa wazi, kijani kitupu, upana wa kitenge kimoja. Nilitaka kumnunulia vingine vya kuziba, akakataa. Jioni alifua alichovaa, kikakauka uani, kikarudi, na kesho yake uwazi ukawa sehemu nyingine. Siku aliyovaa bluu, uwazi ulikuwa karibu na dirisha. Siku aliyovaa machungwa, ulikuwa katikati kabisa, mkubwa. Mwanzoni aliupa mgongo. Baadaye nilikuwa nikija jioni namkuta anachambua mchele, na uwazi uko mbele yake, na anaendelea kuchambua.

Kwenye kidonda hakukuwa na mteremko. Nesi aliyekuwa anamsafisha alikuwa mpole wa mikono na mkali wa mdomo.

"Mama, umekula nini jana? Sukari imepanda."

"Viazi vitamu kidogo."

"Kidogo cha sahani au cha sufuria?"

"Cha mgeni."

"Wewe siyo mgeni tena hapa. Punguza."

Kidole kidogo kilikatwa. Daktari alisema hakiwezi kupona na kitaambukiza kingine. Mama alilazwa, wadi ya wanawake, na alichagua kitenge cha kwenda nacho kama mtu anayekwenda ubatizo. Akachukua cha kahawia. Nilipoingia kumuona baadaye alikuwa amekifunga kwenye vyuma vya kitanda upande wa ukutani. Nikakaa kwenye kiti, kwa mara ya kwanza, na ukuta ukawa mbele yangu. Ni ukuta mbaya, kwa kweli. Unang'aa mahali ambapo hutaki kuona kitu kinang'aa. Nilikaa pale mpaka wakanitoa.

Aliporudi chumbani, mwenye nyumba alikuja. Alikuwa ameambiwa kuna kamba. Aliingia hata hodi hakumalizia, akaanza kuinua vitenge kimoja kimoja kutafuta tundu.

"Msumari uko wapi?"

"Hakuna msumari, mzee."

Akaangalia juu. "Hizo kenchi nazo ni zangu."

"Shikamoo, kaka," mama akasema kutoka kitandani, ingawa sidhani mzee amemzidi umri sana.

Mzee akashtuka, akavua kofia. Ndiyo kwanza anamuona. Akaona mguu.

"Marahaba, mama. Pole. Huyu kijana hakuniambia kuna mgonjwa."

"Huyu haambii watu mambo, anakasirika tu. Hii rangi ulipaka mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nilipewa kazi ya kupaka wadi miaka ile, ikabaki makopo. Nikasema isiharibike."

"Na wadi ya wanaume ulipaka wewe?"

"Zote, mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. "Kitanda cha dirishani, kile cha pili kutoka mlangoni, juu ya kichwa. Brashi ilidondosha unywele mmoja, ukakauka ndani ya rangi. Umejikunja kama ndoano."

Mzee akabaki ameshika kofia.

"Nilikuwa nauangalia huo unywele, mume wangu akilala," mama akasema. "Alikufa nikiwa nauangalia huo. Sikumuona alivyoondoka."

Niliona mzee anatafuta pa kuweka macho, na kila alipoweka palikuwa na kazi yake. Mwishoni akasema, "Nitapaka. Kesho naleta nyeupe, bure, napaka chumba chote."

"Usipake, kaka. Harufu ya rangi mbichi sitaiweza na hiki kidonda. Na huu nimeshauzoea. Nauona kidogo kidogo."

Mzee akasema pole tena, akatoka kinyumenyume. Toka siku hiyo alikuwa anatuma ndizi mbichi, na mama alikuwa anampa dada mpambaji kwa sababu ya sukari.

Mvua za kwanza zilipopiga, daktari alimwambia kidonda kimefunga, nyama ni nzuri, weusi haupo. Aseme naye kwa simu akiona kitu, na Majimoto wamwangalie kila wiki. Aliligusa goti la mama kabisa, bila haja, kama mtu anayesalimia.

Mama alivishusha vitenge vyote mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ndoo nafungua kamba za kenchi, yeye chini anakunja, na ukuta ulitoka wote mara moja, kona hadi kona. Aliuangalia akiwa anakunja cha mwisho. "Utaishi na hiki kitu?" akaniuliza. Nikasema nitatafuta vitambaa. Akasema nitafute mke, mke atakuja na vyake. Dada akaguna juu ya ukuta, mama akapaza sauti, "Sijasema wewe!" na upande wa pili kikapigwa kicheko mpaka mtu akagonga bati.

Stendi kulikuwa na tope. Basi la Majimoto lina ngazi ya juu, chuma, hata mimi naipanda kwa kujishika. Konda alimwona na bandeji akanyoosha mikono ili ambebe, na mimi nilikuwa nimeshaweka begi chini nimshike kiuno. Mama alitutazama wote wawili mpaka tukashusha mikono. Akainua kitenge kidogo. Akaweka ule mguu kwanza, mguu wenyewe, na vidole vilivyobaki vikakanyaga chuma, akausimamia, akapanda.